Mwanamke wa Koboko Unayemwita Mama

Ayikoru mwanangu,

Mmeondoka sasa hivi kwenda Aroi kumuaga bibi yako. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka mkampita fundi wa viatu: baba yako mbele, wewe katikati, na Kiden nyuma amebeba kapu langu. Mtu asiyetujua angesema, tazama wale, baba na mama wanatembea na binti yao. Mimi niliwaambia nabaki kugeuza samaki. Samaki walikuwa wamekwisha kugeuzwa tangu asubuhi.

Basi nimeketi kuandika. Kesho lori la Koboko litakuchukua, na kutoka Koboko utavuka kwenda Yei, upande wa Sudan, kwenye hospitali ile ambako watakufundisha uuguzi. Habari ya shuka, sabuni na kuamkia wakubwa sikuandikii. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa mgongoni mwangu, na kama hayajaingia mpaka leo, karatasi haitayaingiza. Nataka kukujibu swali lako. Siku ile tuliposikia umekubaliwa huko, uliniuliza, "Mama, Kiden alikukosea nini?" Nikakutuma maji.

Kiden hajanikosea kitu. Ninamwonea wivu, basi. Nimemwonea wivu tangu wiki ile aliyofiwa na mume, na kumwonea wivu mjane ni jambo ambalo mtu hawezi kulisema hata kwa padri. Nakwambia wewe kwa sababu unakwenda kula chakula cha ndugu zake, na sitaki ukae kule ukidhani mama yako ana roho mbaya bila sababu. Roho mbaya ninayo. Sababu nayo iko.

Unajua mimi ni mtoto wa ng'ambo. Nilizaliwa upande wa Kongo, karibu na Aru, nikavuka na shangazi yangu kuuza mafuta ya mawese katika soko la Arua. Baba yako alikuwa konstebo kijana. Kila siku alikuja kununua chupa moja. Mtu anayeishi peke yake hawezi kumaliza chupa ya mawese kwa siku moja, na shangazi aliliona hilo kabla yangu. "Huyu mutu," alisema, "anakula mafuta ama anaoga?" Baba yako akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la mtu. Ndivyo alivyokuwa, mwanangu. Wewe unamjua baba anayezungumza kidogo. Mimi niliolewa na mwanamume mwenye kicheko kilichosikika katika kota zote za polisi.

Na mimi nilikuwa na wivu tangu siku hizo. Jumamosi alikuwa akikaa mlangoni kung'arisha mkanda wake na vifungo, polepole, anavipulizia pumzi, na mimi ndani nilikuwa nauonea wivu mkanda. Majirani walinicheka. Wake wa polisi tulitoka kila mahali, huyu Mwacholi, huyu Mteso, huyu Mkakwa, na Kiswahili kilikuwa ndiyo njia yetu ya kugombana na kupatana. Ndiyo maana ulikijua kabla ya Kilugbara, na ndiyo maana nakuandikia hivi.

Ulikuwa na miaka tisa ile siku ya Koboko. Nataka uisikie kwangu mara moja, mwanzo hadi mwisho, kwa maana najua umeisikia vipande vipande kwa watoto wenzako.

Wakati ule amri juu ya magendo zilikuwa kali. Kahawa ilikuwa inavuka mipaka yote miwili, na konstebo aliyeachia gunia lipite aliitwa kujibu mbele ya watu ambao hawakuvaa sare ya polisi. Kila askari aliogopa. Siku ya soko, baba yako na mwenzake wa zamu walipelekwa kusimama mteremkoni, nje kidogo ya Koboko. Baiskeli ikaja kwa kasi, gunia nyuma. Haikusimama. Baba yako akapiga risasi moja.

Aliyeanguka aliitwa Wani, mume wa Kiden. Walikuwa hawajamaliza hata mwaka wa ndoa. Gunia lilikuwa la simsim, ule ufuta, mbegu ya kupanda. Na baiskeli haikuwa na breki. Vijana wengi wa soko walipanda hivyohivyo, wanasimamisha kwa kukanyaga tairi na kandambili, lakini mteremkoni, na gunia zito nyuma, mguu hausimamishi kitu.

Hilo ndilo lililowasha moto Arua. Kabla ya wiki kwisha mji ulikuwa na makabila mawili mapya. Kulikuwa na watu wa "simama" na watu wa "breki". Watu wa simama walisema polisi aliita, na mtu akiitwa na polisi huruka chini hata kama baiskeli itaingia mtoni. Watu wa breki walisema, aruke vipi na gunia, na ni polisi gani huyu asiyejua baiskeli za soko? Walibishana kwa mshona nguo, walibishana kwenye foleni ya sukari, walibishana kanisani padri akiwa bado anavaa. Hapa Onduparaka mechi ilikatika katikati kwa sababu beki alishindwa kusimama na mpira, mshabiki mmoja akapiga kelele, "Huyu hana breki kama Wani!" na nusu ya uwanja ikacheka, na nusu ikaingia kupigana.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini walisema sana. Miaka ile kulikuwa na watu waliopakiwa kwenye magari na hawakurudi, na hakuna aliyeuliza kwa sauti. Mama aliyepotelewa na mwana alikwenda sokoni akauza mihogo yake kama kawaida. Maneno yote yale yaliyomezwa yalikuwa yanatafuta pa kutokea, na hapa akapatikana konstebo mdogo mwenye jina, mwenye kosa linaloonekana, ambaye ukimsema hakuna atakayekuja kugonga mlango wako. Wakamsema baba yako kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale wengine wote. Lakini siku zile mimi sikuwa na akili ya kuelewa hayo. Nilisikia jina la mume wangu tu.

Nikawa mtu wa simama namba moja. Nilibishana kuliko wote. "Aliita!" nilisema sokoni, mikono kiunoni. "Aliita mara tatu!" Nilimvuta kilemba mwanamke mmoja muuza chumvi aliyesema polisi ni wauaji. Na nyumbani, baba yako aliporudishwa kungoja kesi, bila bunduki, bila mkanda, nilimwuliza akila, nilimwuliza akinawa, "Ulimwita?"

"Nilimwita," alisema. "Nilimwambia simama."

Kila mara maneno yaleyale. Nami niliyachukua nikaenda nayo sokoni kama mtu aliyepewa ngao.

Sasa sikiliza wivu ulivyoanza.

Wanawake wa safu yangu ya soko, wale niliokaa nao bega kwa bega, walikodi lori kwenda Koboko kwenye matanga. Walikusanya unga, kuni, vikombe. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye meza yangu. Unga ulipita mbele ya uso wangu. Mama mmoja, ambaye nilimsaidia kuzaa mtoto wake wa tatu, alisimama, akanitazama, akasema taratibu, "Kwako tutakuja siku nyingine." Hawakuja. Wakaenda Koboko wakalala chini na Kiden siku zote za matanga, wakamshika, wakampikia, wakamlilia. Waliporudi sauti zao zilikuwa zimekauka kwa kulia, na mimi nilizionea wivu sauti zile.

Utasema, mama, yule alifiwa. Najua. Nilijua hata siku ile. Lakini aliyefiwa ana mkeka wa kukalia na watu wa kukaa naye. Mimi nilikuwa na mume anayelala ameugeukia ukuta, na mtoto anayepigwa mawe akienda shule, na hakuna mkeka unaotandikwa kwa msiba wa namna hiyo. Nani angekuja kuniambia pole, na pole ya nini? Nilikuwa nikimfikiria mwanamke ambaye sijamwona, amezungukwa na shoga zangu mimi, na nilikasirika kana kwamba ameingia jikoni kwangu akafungua vyungu.

Kesi ilifika mwaka uliofuata. Jaji alikuja kutoka Kampala, akaketi na wazee wawili wa baraza. Nilikuchukua kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Unakumbuka umati? Watu walipanda mpaka kwenye madirisha. Watu wa simama walikaa upande mmoja na watu wa breki upande mwingine, kama harusi. Baiskeli ililetwa ndani. Jaji aliamuru iinuliwe, karani akalizungusha gurudumu, na gurudumu lilizunguka, likazunguka, mahakama nzima kimya, hakuna hata aliyekohoa mpaka liliposimama lenyewe.

Yule mwenzake baba yako wa zamu alitoa ushahidi kwamba Konstebo Ezama aliita mara tatu, kwa sauti kubwa, ndipo akapiga. Aliapa. Wakili wa baba yako akakaa chini ameridhika. Mimi nilipumua. Nikajiambia, jioni hii anarudi nyumbani.

Kisha wakamwita Kiden.

Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Nilitazamia mwanamke mkubwa, sijui kwa nini. Alikuwa msichana, mwembamba, amevaa gauni la kuazima, kubwa mabegani. Waliuliza kama alijua mumewe amebeba nini, akajibu ni simsim. Waliuliza kama alijua baiskeli haina breki, akajibu kila mtu anajua. Kisha, kabla hawajamwambia ashuke, akageuka kizimbani, akamtazama baba yako, akamwuliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mkalimani:

"Ulimwita?"

Karani akasema anyamaze. Jaji akamwambia shahidi hujibu, haulizi. Akawa kama hasikii.

"Nataka kujua tu. Ulimwita, kweli? Alisikia sauti ya mutu kabla ya kufa?"

Wakili alimwinulia baba yako mkono asiseme. Na baba yako akasimama. Alikuwa amenyamaza muda wote wa kesi. Akamtazama yule msichana, akasema:

"Hapana. Sikumwita. Niliogopa, nikapiga. Niliita baadaye, akiwa amekwisha kuanguka."

Kelele zilizotoka mle ndani unazikumbuka, maana uliziba masikio. Watu wa breki walishangilia mpaka wakafukuzwa nje. Watu wa simama walinitazama mimi. Yule muuza chumvi alinitazama mimi. Lakini hayo hayakuniuma sana. Nilikuwa nimeketi naona kwamba kile kitu nilichomwomba mume wangu karibu mwaka mzima, nikiwa mke wake, nikila naye chungu kimoja, amempa mwanamke mwingine kwa kuombwa mara moja. Kama angempa dhahabu ningemsamehe upesi zaidi.

Jaji alisema ni kuua bila kukusudia, akampa miaka minne. Alisema angempa mingi zaidi kama asingesema ukweli. Wakili alituambia nje kwamba kama asingesema ukweli labda asingepewa hata mmoja. Hata hapo watu waligawanyika, na nasikia wengine wanabishana mpaka leo.

Nje ya mahakama nilimfuata Kiden. Ulikuwa umeshika sketi yangu, ukaburutwa nayo. Nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikamwambia, "Umeninyang'anya mume wangu!"

Umati uligeuka. Hata mimi nilisikia nilivyosema. Kiden hakunivuta mkono wala hakunitukana. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia:

"Wangu iko wapi?"

Nikamwachia. Hiyo ndiyo siku ambayo watoto wenzako wamekuwa wakikusimulia vibaya. Hakuna aliyempiga mwenzake. Ilikuwa hivyo tu.

Tulitolewa kota, tukahamia hapa Onduparaka, katika chumba hiki ambacho zamani kilikuwa cha kuku. Nikaanza kuuza angara, wale samaki wakavu, kwa sababu ng'ambo hapakuwa salama kufuata mawese. Nilipeleka chakula gerezani kila nilipoweza. Baba yako alikula, akaniambia asante, akaniuliza habari zako. Sikumwuliza kuhusu ile siku ya mahakama, naye hakusema. Tulikuwa tunatazamana kupitia waya kama watu wawili wanaongojea gari tofauti.

Walimwachia kabla ya miaka kwisha, kwa tabia njema. Alirudi, akala, akalala. Asubuhi ya pili akachukua jembe.

"Unakwenda Aroi kwa mama?" nikauliza.

"Nakwenda Koboko."

Nilijua. Bado nilimwuliza kufanya nini.

"Kulima. Yule hana mtu wa kumlimia."

"Na mimi ninaye?"

Akasimama na jembe begani. "Wewe unaye mimi," akasema.

"Mbona wewe unakwenda Koboko?"

Akaenda. Jioni alirudi bila jembe, midomo imevimba. Shemeji zake Kiden walimpiga wakamnyang'anya. Nilimkanda uso kwa maji ya moto na nitakuambia ukweli, mwanangu, nilifurahi. Nikadhani imekwisha. Msimu uliofuata akanunua jembe jingine, akakuchukua wewe. Tuligombana mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia anamfanya mtoto ngao. Akasema, "Mtu hampigi baba mbele ya mtoto wake. Nahitaji siku moja tu ya kushika jembe bila kupigwa, wanione." Ukaenda. Hawakumpiga. Ukaniambia mama mmoja alikupa uji wa mtama.

Baada ya hapo mlikwenda kila msimu. Nilikuwa nakuhoji ukirudi, unakumbuka?

"Anazungumza nini na baba?"

"Hawazungumzi."

"Hata kidogo?"

"Anazungumza na mimi."

Ulidhani unanituliza. Lakini baba yako alirudi kutoka kule amechoka vizuri, kama mtu aliyekula akashiba. Walikuwa wananyamaza pamoja, yeye upande huu wa shamba na Kiden upande ule, na kunyamaza pamoja ni kitu. Mimi naye hapa chumbani tulikuwa tunanyamaza kila mtu kwake. Nilimwonea Kiden wivu hata kwa hilo.

Halafu siku moja ukarudi umesukwa nywele. Mistari midogo, imenyooka, imekutana kisogoni vizuri sana. Mikono yangu haijui kusuka hivyo. Mikono yangu inajua samaki. Nikakukalisha kwenye kigoda nikazifumua zote, nikakwambia una chawa. Hukuwa na chawa. Ulilia bila sauti, na nilipomaliza ulisema, "Mama Kiden atasikitika." Mama Kiden! Yeye hajawahi kuzaa. Nilikwenda nje nikasimama kwenye jua mpaka kichwa kikaniuma.

Sasa ni yeye aliyekutafutia nafasi ya masomo. Ni kaka yake anayefanya kazi katika hospitali ile; ni nyumba ya kaka yake utakayolala. Mimi nimekulea kwa samaki miaka yote hii, na njia ya kutoka hapa umeonyeshwa na yeye. Jana alipofika kukuchukua, akaingia mlangoni mwangu kwa mara ya kwanza, nilimpa kiti kizuri na nikamchukia kwa jinsi alivyokaa juu yake kwa adabu.

Leo asubuhi ulipokwenda mtoni, naye baba yako akiwa bado amelala, Kiden alikuja akachuchumaa karibu nami nje, akachukua samaki kwenye ungo akaanza kukata vichwa bila kuniomba ruhusa. Nilimwacha.

"Mama Ayikoru," akasema, "wewe hapana penda mimi."

"Ndiyo," nikasema. "Sikupendi."

"Iko kwa sababu ya mahakama?"

"Alikwambia wewe. Mimi nilimwuliza karibu mwaka mzima akanidanganya. Wewe ulimwuliza mara moja tu, akakwambia."

Alikata vichwa viwili, vitatu. Kisha akasema, "Mimi ilionea wewe wivu."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama. Hakuwa anacheka.

"Wakati bwana yako iko gerezani. Nilikuja hapa Arua kuuza simsim, nikakuona unapita na sahani, umefunga na kitambaa. Nikakufuata mpaka geti ya gereza. Wewe hapana niona. Nikasema, huyu mama iko na mahali ya kupeleka chakula. Nikarudi Koboko, nikapika nyingi, nikaweka kwa sahani, nikafunga na kitambaa kama wewe. Halafu nikakaa nayo. Hapana mahali."

Akaendelea, macho kwenye kisu.

"Na ile ukweli alinipa, unafikiri ilinifurahisha? Mimi nilitaka aseme aliita. Nilisimama pale naomba Mungu aseme aliita. Kama Wani alisikia mutu anamwita, basi alijua kitu, aligeuka, alikuwa na nafasi ndogo. Sasa najua hakusikia kitu. Alikuwa anateremka tu. Kila siku najua hiyo. Wewe unaonea wivu hiyo?" Akanisogezea ungo. "Chukua. Mimi nakupa. Ikae kwako miaka kidogo."

Moshi uliniingia machoni, au nilisema ni moshi. Mwisho nikamwambia kitu pekee nilichoweza: kwamba anakata vichwa kwa kwenda ndani mno, anapoteza nyama. Nikamwonyesha pa kukatia. Akajaribu. Akakosea tena. Nikamshika mkono nikamwongoza kisu, mkono uleule niliomshika nje ya mahakama, na ulipotokea wewe na maji tulikuwa tumefikia samaki wa mwisho.

Usidhani basi tumekuwa ndugu. Wivu si homa, haushuki kwa asubuhi moja. Mlipoondoka hapa naye amebeba kapu langu, nilihesabu mara ngapi ulimgeukia. Lakini nimegeuza moyoni maneno yake tangu hapo, na nimeona kitu nilichokuwa nimekikosa. Baba yako hakumpa Kiden zawadi. Alimpa mzigo, kwa sababu ni wake na hakukuwa na namna nyingine. Mimi alinificha kwa sababu alitaka kubaki na mtu mmoja duniani anayeamini kwamba aliita. Nilikuwa mtu huyo. Sijui kama hiyo ni heshima au ni dharau. Nitamwuliza mwenyewe mkishaondoka kesho, nyumba ikiwa kimya. Nimeogopa kumwuliza miaka yote hii, na nadhani naye ameogopa kuulizwa.

Nawe siku moja utakuwa na mtu ndani ya nyumba yako. Sikuchagulii. Ila ukiona unamwambia mgeni jambo ambalo yule wa ndani amekuomba, simama kidogo ujiulize. Na ukiwa wewe ndiye unayeomba, kama nilivyoomba mimi, jiulize unaomba ukweli au unaomba ngao ya kwenda nayo sokoni. Mimi nilidhani naomba ukweli. Kama angenipa ukweli mwezi ule wa kwanza, ningeufanyia nini, na kilemba cha yule mama muuza chumvi kiko mkononi mwangu? Sijui. Pengine alinijua vizuri kuliko ninavyopenda.

Nasikia sauti zenu njiani, baba yako anacheka. Sijui mmemwambia nini. Kwa hiyo nafupisha.

Yei iko karibu na Koboko kuliko ilivyo karibu na Arua. Habari ikitoka huko itamfikia Kiden kabla haijanifikia mimi, hata ingebebwa na mtu wa mbio. Basi ukiugua, au mtu akikuumiza, au ukipata neno usiloweza kulibeba peke yako, mwambie yeye kwanza. Nimekaa na kalamu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika hilo neno kwanza. Limeandikwa sasa, silifuti. Lakini lisiishie kwake. Uniambie na mimi, hata likiwa limekwisha kupoa, hata likiwa la kuniumiza.

Na nywele zako, akisuka, zikae.

Mama yako,
yule aliyekuzaa.